Hii taa inajuaje pumzi yangu?

Mama mdogo alikuwa ameegemea mito, kulala chali hawezi, kifua kinapiga mluzi, na ncha za vidole vyote nyeusi tii kwa piko maana ndo kwanza tulikuwa tumetoka kwenye harusi ya mjukuu wake na bibi harusi hakupambwa peke yake. Nesi akaja na kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, oksimita. Akabana kidole cha shahada, kioo kikaleta vistari. Akahamia cha kati, vistari, halafu 88, halafu 94, halafu vistari tena. Miguuni nako piko. Akaguna, akaenda kuleta waya mwingine wenye kibanio kidogo, akasema "mama hebu nipe sikio", akabana kwenye ndewe na kusubiri kimya mpaka namba ikatulia.

92.

Mama mdogo, kwa pumzi za kukatika, akaniuliza mimi badala ya kumuuliza nesi: "Mwanangu, hii taa inajuaje pumzi yangu?"

Nikabaki namwangalia nesi. Akajibu huku anaandika kwenye faili.

"Inajua kiasi, mama. Namba naiangalia, ila naangalia na hapa." Akajigusa pale chini ya koo, panapodidimia mtu akihema kwa tabu.

Dawa ya mvuke ilifanya kazi, pumu ikashuka, sasa hivi yuko nyumbani Tanga anawapangia wajukuu kazi kama kawaida yake. Lakini jibu la yule nesi halikuniacha. Wiki zimepita na kila nikiona kile kidude, famasi, kwenye picha, popote, swali linarudi, inajua kiasi gani? Na imejifunzia kwenye mwili wa nani?

Damu haina rangi moja

Msingi wenyewe ni mwepesi. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ikishika oksijeni damu inakuwa nyekundu ya kung'aa, ikiiachia inaiva na kuelekea zambarau. Mwaka 1864 mwanafizikia wa Cambridge, George Stokes, alishaonyesha kwamba mabadiliko hayo yanasomeka kwenye mwanga. Oksimita inatumia taa mbili tu, moja nyekundu yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 660 ambayo damu iliyoachia oksijeni inaifyonza sana, nyingine infraredi ya nanomita 940, jicho haliioni, na hiyo damu yenye oksijeni ndo inayoifyonza zaidi. Zinawaka kwa kupokezana mara nyingi kila sekunde, na kuna kinafasi kidogo zote zinazimwa ili sensa ya upande wa pili ijue mwanga wa chumbani ni kiasi gani na kuutoa kwenye hesabu. Ukilinganisha kilichopenya cha taa hii na kilichopenya cha taa ile, unapata ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni.

Hapo ni kwenye karatasi. Kidole si karatasi.

Kidole kina ngozi, kina kucha, mfupa, mafuta, kina na damu ya vena inayorudi moyoni ikiwa imeshaacha oksijeni yake njiani, na vyote hivyo vinakula mwanga. Utajuaje ni mwanga upi umeliwa na damu ya ateri peke yake, ile inayotoka moyoni? Swali hilo liliwatesa watu miaka na miaka. Karl Matthes, Ujerumani, alikuwa na kifaa cha sikio tangu miaka ya 1930. Glenn Millikan wa Marekani akatengeneza cha kwake miaka ya vita kuu ya pili kwa ajili ya marubani, maana huko juu hewa ni nyepesi na rubani anaweza kupoteza fahamu kabla hajajua kuna tatizo. Vilifanya kazi, ila kwa usumbufu mkubwa, sikio lipashwe joto, hesabu ianzwe upya kwa kila mtu, mgonjwa asitikisike. Huwezi kukimbia na kitu kama hicho wodini saa nane usiku.

Kelele iliyobeba jibu

Hapa ndo nilipokesha.

Takuo Aoyagi alikuwa injinia wa kampuni ya Nihon Kohden, Tokyo, na mwaka 1972 hakuwa hata anatafuta oksijeni. Alikuwa anataka kupima moyo unasukuma damu kiasi gani kwa dakika, na njia ya siku zile ilikuwa unamchoma mtu rangi maalumu kwenye mshipa halafu unaweka taa sikioni unaangalia rangi ile inavyopita na kufifia. Sasa tatizo lake lilikuwa mapigo. Kila moyo ukidunda mstari wake unaruka, yaani ni kama mtu anayejaribu kusikiliza redio huku jirani anatwanga kinu. Akapata wazo la kuongeza taa ya pili ya infraredi, airekebishe mpaka mdundo wa taa hii uufute mdundo wa taa ile, mstari ubaki umenyooka.

Ukanyooka kweli. Ila oksijeni ya mtu ikishuka, kufuta kunaharibika, mdundo unarudi.

Mimi nikiwa yeye ningelaani mashine nikaenda kulala. Aoyagi akawaza kinyume chake, kwamba kama oksijeni ndo inayoharibu kufuta kwangu, basi ile kelele ninayohangaika kuifuta ndo imebeba habari za oksijeni. Aache kuifuta, aipime.

Na hapo fundo lote likafunguka, kwa sababu kinachodunda ni ateri. Ngozi haidundi. Kucha haidundi, mfupa haudundi, damu ya vena kwa kawaida haidundi kivile. Chukua sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka na moyo, achana na iliyobaki, utakuwa umeisoma damu ya ateri bila kumchoma mtu sindano. Aliwasilisha kazi hiyo Osaka mwaka 1974, kifaa cha kwanza kikatoka 1975 kikivaliwa sikioni, na miaka ya 1980 kampuni za Marekani zikaweka taa za LED na kibanio cha kidole, kikaingia vyumba vya upasuaji na hakijatoka mpaka leo.

Aoyagi alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 84. Mwezi ule ule ambao watu dunia nzima walikuwa wanahangaika kutafuta oksimita kwa sababu ya korona.

Nilimpenda sana mtu huyu. Niliposoma ile "ngozi haidundi" nikasema basi, swali la mama mdogo limeisha, piko lilikuwa linazuia mwanga usipite kabisa, ndo maana vistari, na rangi ya ngozi yenyewe haina neno kwa sababu hesabu imeshaitoa nje.

Ningeishia hapo usiku ule ningelala vizuri.

Jedwali la miili ya watu wengine

Kuna kitu nilikipita haraka mara ya kwanza. Kifaa kinapata uwiano wa mwanga mwekundu na infraredi, namba tu isiyo na maana kwa mgonjwa. Uwiano ukiwa 1, inahesabika kama asilimia 85. Nani kasema 85? Hesabu za fizikia zinakupeleka karibu, hazikufikishi, kwa sababu mwanga ndani ya nyama haunyooki, unagonga huku na kule unapotea njia.

Kwa hiyo wanachofanya watengenezaji ni hiki. Wanachukua watu wazima wenye afya, wanaojitolea, wanawavutisha hewa iliyopunguzwa oksijeni kidogo kidogo, kibanio kiko kidoleni na mrija mwembamba uko kwenye ateri ya mkono. Kila hatua wanachota damu, wanaipeleka kwenye mashine ya maabara, wanaandika, uwiano huu ulikuja na oksijeni hii. Likitoka jedwali, linaingizwa kwenye kifaa. Hawashuki chini ya 70 kwa sababu huko ni kumhatarisha mtu mzima wa afya, hivyo ukiona oksimita inasema 62 ujue hapo inakadiria zaidi ya kupima.

Nilisoma hiyo sehemu nikarudia.

Yaani ile 92 ya mama mdogo ilitoka kwenye jedwali. Taa ilisoma uwiano sikioni kwake, halafu ikaenda kuuliza, kwa wale watu waliokuwa maabara siku ile, uwiano kama huu ulimaanisha nini?

Na wale watu walikuwa nani? Kwa miaka mingi wengi wao walikuwa Wazungu. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013 ulitaka watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2 au asilimia 15.

Wawili.

Mji mzima wa Tanga, Kisumu nzima, Bukavu nzima, tunasomwa kwa jedwali ambalo mtu wa ngozi kama yetu huenda alikuwa mmoja au wawili chumbani.

Desemba 2020

Si kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1990 Jubran na Tobin walichapisha utafiti wa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, wakaonyesha kwamba kwa mgonjwa mweupe daktari angeweza kutegemea 92, kwa mgonjwa mweusi ilibidi alenge 95 ili awe na uhakika ule ule. Mwaka 2005 maabara ya San Francisco, Bickler na wenzake, wakaonyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa vinasoma juu kuliko ukweli, pointi chache, na tofauti inakua kadiri oksijeni inavyoshuka. Yaani kinakosea zaidi pale unapokihitaji zaidi. Makaratasi yakakaa kwenye majarida, vifaa vikaendelea kuuzwa.

Halafu ikaja korona. Agosti 2020 mwanaanthropolojia wa chuo cha MIT, Marekani, Amy Moran-Thomas, aliandika makala ndefu akiuliza hadharani kifaa hiki kinawasomaje watu weusi. Desemba mwaka huo huo Michael Sjoding na wenzake wa Michigan wakatoa takwimu kwenye jarida la tiba la New England. Walichukua wagonjwa ambao oksimita iliwasoma kati ya 92 na 96, yaani namba ya "huyu yuko sawa tu", halafu wakaangalia damu ya ateri iliyochotwa karibu wakati ule ule. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 ya vipimo damu ilikuwa chini ya 88. Kwa weusi, asilimia 11.7.

Zaidi ya mara tatu. Upungufu uliofichwa na taa.

Watafiti waliofuata wakakuta kwamba hospitalini Marekani wagonjwa weusi walichelewa kutambuliwa kwamba wamefikia kiwango cha kupewa dawa za korona, na sababu mojawapo ni kwamba namba ya kidoleni ilikuwa inawasitiri.

Nilikaa na hiyo 11.7 kwa muda mrefu, na kilichoniuma si Marekani. Wale angalau walikuwa na damu ya kulinganisha. Hospitali zetu nyingi za wilaya hazina mashine ya gesi za damu, kwa hiyo taa ikisema 93 hakuna wa kuibishia, 93 inaandikwa kwenye faili na maisha yanaendelea. Kosa ambalo huna kifaa cha kulipima, linaonekanaje?

Mbona ngozi haidundi?

Hili ndo lilinikwaza kuliko yote, maana hoja ya Aoyagi ni safi. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, haidundi. Iko pale pale moyo ukipiga usipige. Kwa nini sasa isitoke kwenye hesabu?

Nilichokielewa ni hivi. Hoja ingekuwa kamili kama ile taa nyekundu ingekuwa nyekundu moja tu. Taa za LED hazitoi urefu mmoja wa mawimbi, zinatoa mkusanyiko, wengi wako karibu na 660 na wengine wako pembeni huku na huku. Melanini inakula zaidi mawimbi mafupi kuliko marefu, kwa hiyo mwanga unaoingia ndani ya kidole chenye ngozi nyeusi si ule ule uliotoka kwenye taa, umeshachujwa, umesogea. Jedwali halijui kwamba umesogea. Halafu kuna la pili, mwanga unaofika upande wa pili ni mdogo, na mdundo wenyewe ni sehemu ndogo sana ya mwanga huo, hivyo mkono ukiwa wa baridi au mgonjwa ana shoki na damu haifiki vizuri vidoleni, kifaa kinabaki kinatafuta mdundo kwenye kelele. Ngozi nyeusi peke yake kifaa kinaimudu kiasi, na damu kutofika vidoleni peke yake kinajitahidi. Vikija pamoja ndo kinapotea zaidi.

Ngozi zetu zenyewe hazifanani, huyu maji ya kunde, yule mweusi wa mkaa, ndani ya nyumba moja, baba mmoja mama mmoja. Hakuna namba moja ya kusema "mweusi toa tatu". Nimeona watu wakishauri hivyo na sikubaliani nao, kuna watu kifaa kinawasoma sawasawa na kuna watu kinawapandisha sana, na hutajua wewe ni yupi.

Jiko la mkaa

Hapa naomba usome taratibu hata kama mengine umeyaruka.

Taa mbili zinajua aina mbili tu za himoglobini, iliyobeba oksijeni na isiyobeba. Moshi wa mkaa una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inang'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo ni nyekundu nzuri, na mbele ya ile taa ya 660 inaonekana karibu sawa kabisa na himoglobini yenye oksijeni. Mtu kalala na jiko ndani kule Lushoto au Njombe kwa sababu ya baridi, mlango umefungwa, dirisha limezibwa nguo, asubuhi anakutwa hajitambui, anakimbizwa hospitali, anabanwa kidole.

98. Namba ya mtu mzima wa afya, kwa mtu anayekufa.

Kuna vifaa vya taa nyingi zaidi vinavyoweza kuitambua hiyo gesi, na mashine ya maabara inaitambua, ila kile cha famasi cha taa mbili hakiwezi na hakitaweza. Kwa hiyo ukimpeleka mtu aliyelala na jiko, sema. Mwambie daktari kabla hajakuuliza, "alilala na jiko ndani". Hilo neno lako linamwambia kitu ambacho taa haiwezi.

Upungufu wa damu nao vile vile. Oksimita inasema ni asilimia ngapi ya magari yamejaa abiria, haisemi magari yako mangapi barabarani. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, himoglobini 4, anaweza kusoma 98 bila wasiwasi, na kweli kila himoglobini aliyonayo imejaa. Lakini desilita moja ya damu yake imebeba kama mililita 5 za oksijeni wakati ya mtu mwenye himoglobini 15 ingebeba kama 20. Anahema haraka, moyo unakimbia, viganja vyeupe. Namba inang'aa.

Ifakara

Kufikia hapo nilikuwa nimekikasirikia kifaa, nikaanza kuandika hii makala kwa hasira. Kilichonigeuza ni Ifakara.

Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji kwenye hospitali nane duniani. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na ya nane ilikuwa Ifakara, Morogoro, hospitali ya St. Francis. Moja ya vitu vya kuhakikisha kabla mgonjwa hajalazwa usingizi ni kwamba oksimita iko mwilini mwake na inafanya kazi. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Siwezi kusema yote ni kazi ya ile taa, orodha ina mambo mengi, kuhesabu vitambaa, kutajana majina, antibayotiki kwa wakati. Lakini taa imo.

Fikiria anayetoa dawa ya usingizi bila hicho kifaa. Mgonjwa kafunikwa mashuka, misuli imelegezwa, hahemi mwenyewe. Mrija ukiingia njia ya chakula badala ya njia ya hewa, utajuaje? Utasubiri abadilike rangi, na kwa sisi rangi ya bluu unaitafuta kwenye ulimi na ndani ya midomo, ukiiona umechelewa sana. Oksimita za chumba cha upasuaji zina mlio kwa kila pigo la moyo na oksijeni ikishuka mlio nao unashuka sauti, unakuwa mzito, hivyo daktari wa usingizi ameinama anafanya kingine na sikio lake limeshajua. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwenye jarida la Lancet kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa na kifaa hiki. Mwaka uliofuata ndo likaanzishwa shirika la Lifebox, kusambaza vya bei nafuu vilivyo imara.

Na watoto njiti, wale ndo kabisa. Oksijeni ikiwa kidogo wanakufa, ikizidi inaharibu mishipa ya macho, na miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi walipofuka hivyo huko Ulaya na Marekani kabla sababu haijajulikana. Wanaotunza njiti wanajitahidi kumweka mtoto mahali kama 90 hadi 95, chini usishuke, juu usipande. Bila taa utafanyaje hiyo, umchome mtoto wa kilo moja kila nusu saa?

Hasira ikabadilika. Sitaki kifaa hiki kiondoke wodini, nataka kitusome vizuri.

Taa ikipita mfupa

Nipite hapa haraka. Kidole na sikio ni vyembamba, ila kuna mwanga, infraredi ya karibu, kama nanomita 700 hadi 900, ambao unapenya nyama na hata mfupa. Frans Jöbsis wa chuo kikuu cha Duke alionyesha mwaka 1977 kwamba unaweza kuusoma ubongo ukiwa hai kupitia fuvu lisilofunguliwa, na inasemwa alianza kuliwazia kwa kuangalia mwanga unavyopita kwenye mfupa wa bega la ng'ombe. Leo wanabandika sensa kwenye paji la uso wakati wa upasuaji wa moyo au kwa njiti, inasoma oksijeni ya ubongo wenyewe. Namba zake ni za chini, 60 hadi 80 ni kawaida, kwa sababu inasoma mchanganyiko na sehemu kubwa ni damu ya vena.

Kwa nini paji la uso? Kwa sababu nywele zinazuia. Na watafiti wanaotaka kusoma sehemu nyingine za kichwa wanajua kwamba nywele nyeusi nene zilizosukwa zinawapa shida, hivyo wenye nywele kama zetu wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti hizo. Jedwali lingine linapikwa bila sisi.

Sasa tunafanyaje

Januari 2025 FDA walitoa rasimu ya mwongozo mpya. Watu wa majaribio wapande hadi 150 au zaidi, na rangi ya ngozi ipimwe kwa vipimo, pamoja na kadi ya vivuli kumi iliyotengenezwa na Ellis Monk wa Harvard, badala ya mtu kuangalia tu na kuandika "mweusi". Ilitoka kama rasimu, na ni ya vifaa vya hospitali. Vile vya bei rahisi vinavyouzwa kama vya mazoezi na ustawi havimo, na hivyo ndo vimejaa mitaani kwetu.

Kwa hiyo wanaonunua kwa niaba yetu, wizara, wafadhili, hospitali za misheni, nawaomba waulize swali moja kabla ya kusaini. Hiki kimejaribiwa kwa watu wangapi wenye ngozi nyeusi sana, na nionyeshe matokeo yao peke yao, usinichanganyie na wastani. Muuzaji asipokuwa na karatasi hiyo, aende akailete.

Nyumbani, kama mna mgonjwa wa pumu au moyo na mmenunua kidude, mpimeni akiwa mzima mjue namba yake ya kawaida, kidole kikiwa na joto, hakina rangi wala piko, ametulia, msubiri mpaka namba iache kuruka. Aliyezoea 97 akishuka 93 ameshuka, hata kama 93 kwenye karatasi inaonekana nzuri. Mteremko huo una maana kuliko namba moja iliyosimama peke yake, kwa sababu ngozi yake ni ile ile jana na leo, kama kifaa kinampandisha huwa kinampandisha zote mbili, japo oksijeni ikishuka sana kinazidi kumpandisha.

Na kwa watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kumpa mtoto mwenye nimonia oksijeni ni chini ya 90, na kuanzia hapo kushuka chini damu inapoteza oksijeni kwa kasi, pointi mbili za 90 si sawa na pointi mbili za 97. Sasa mimi nikishajua kwamba taa inaweza kutupandisha pointi mbili tatu, mtoto anayesoma 91 huku mbavu zinaingia ndani kila akivuta, amekataa ziwa, amelegea, huyo hata aniambie nani kwamba namba yake imepita mstari, simrudishi nyumbani. Nitakaa pale pale nimwombe daktari amwangalie tena.